Kupanga mwanga wa hadubini kabla ya kusoma slaidi ya malaria

Kwenye zahanati nyingi za Kigoma, slaidi isiposomeka lawama huangukia Giemsa (rangi ya kupaka slaidi) au lenzi ya 100, ile inayokuza mara 100. Anza na kondensa kwanza, ile lenzi iliyo chini ya meza ya slaidi inayokusanya mwanga: mara nyingi imeshushwa chini au imekaa upande. Mpangilio huu wa mwanga aliutoa Mjerumani August Köhler mwaka 1893, na ndio unaofuatwa maabara hadi leo.

1. Washa taa, weka slaidi (unene wa milimita 1 hadi 1.2), lenga kwa lenzi ya 10.

2. Funga diaframu (tundu la mwanga linalobanwa na kufunguliwa) ya mguuni, kwa ile pete inayozungushwa pale mwanga unapotokea. Utaona doa la mwanga lenye kingo zilizofifia. Pandisha kondensa polepole mpaka kingo zikatike na pembe za doa zihesabike. Kondensa za kawaida huacha utepe wa rangi ukingoni, unaobadilika kati ya wekundu na bluu kadiri unavyopandisha na kushusha. Simama pale unapogeuka.

Doa likiegemea upande, shika skrubu mbili za kondensa, kila moja kwa mkono wake, uzizungushe pamoja mpaka likae katikati. Rudia kwa lenzi ya 40, maana kosa dogo kwenye 10 huwa kubwa huko. Kisha fungua diaframu mpaka kingo zitoke tu nje ya duara unaloliona. Ukizidisha, mwanga wa ziada hutawanyika ndani na picha huchujuka.

Doa lisipoonekana kabisa, kondensa iko chini mno, au lenzi yake ya juu, kama ni ya kukunjwa, haijarudishwa mahali pake. Likionekana lakini kingo zikagoma kukatika, tazama mambo mawili: slaidi nene kupita kiasi, na skrubu ndogo inayozuia kondensa isipande. Hiyo skrubu ilegeze, lakini acha nafasi ndogo ili kondensa isigonge slaidi.

Hadubini ya kioo cha kuakisi haina diaframu ya mguuni. Tumia upande bapa wa kioo, pandisha kondensa karibu iguse slaidi. Upande uliobonyea ni wa hadubini isiyo na kondensa.

3. Toa lenzi moja ya macho, chungulia ndani ya bomba. Fungua diaframu ya kondensa mpaka mwanga ujaze kama robo tatu ya duara. Kwa lenzi ya 100 fungua zaidi, karibu yote. Rudisha lenzi ya macho.

Tafadhali usipunguze mwanga kwa diaframu hii. Mwanga ukiwa mkali, punguza kwenye swichi ya taa. Ukiibana diaframu, picha inaonekana kuwa na weusi wa kupendeza, lakini uwezo wa lenzi kutenganisha vitu vidogo unashuka, na kila punje ya rangi au vumbi inapata mstari mweusi pembeni. Punje hizo husomwa kama vimelea, na mgonjwa anapewa dawa ya ugonjwa asionao.

4. Tone moja la mafuta, kisha lenzi ya 100. Chagua mafuta ya kutengenezwa kiwandani, yasiyoganda. Ya mwerezi hukauka na kushika lenzi kama gundi. Usirudi kwenye lenzi ya 40 slaidi ikiwa na mafuta. Kwenye tone nene (damu iliyopakwa nene kwenye slaidi) pitia maduara 100 ya kuonea kabla ya kuandika hakuna vimelea.

5. Futa mafuta kwa karatasi ya lenzi kila jioni, si kwa pamba wala koti. Zailini iache: inalegeza gundi inayoshika vioo ndani.

Kwa walio Ujiji na kando ya ziwa, unyevu huotesha kuvu kwenye lenzi. Hifadhi hadubini kwenye sanduku lililofungwa pamoja na jeli ya silika ya bluu. Ikigeuka ya waridi, ipashe moto mpaka irudi bluu, lakini si kwenye sufuria ya chakula, kwani rangi hiyo ni kobalti, nayo ni sumu.