Kuza fuwele ya chumvi, halafu ivunje

Kila mwaka nikiwauliza wanafunzi wangu ndani ya punje ya chumvi kuna nini, wananichorea sodiamu moja imeshikana na klorini moja, kama mume na mke. Jozi hizo hazimo. Ili uamini, acha ubao, ingia jikoni.

Hatua ya 1. Nunua chumvi ya mawe. Ile laini ya pakiti hutiwa dawa ya kuzuia isigande, nayo huharibu umbo la fuwele, yaani kipande kigumu chenye pande bapa na kingo zilizonyooka.

Hatua ya 2. Koroga chumvi katika mililita 200 za maji ya moto mpaka nyingine ibaki chini. Usitegemee maji yapoe ndipo upate fuwele: mililita 100 huyeyusha gramu 36 kwenye nyuzi 25, na gramu 39 tu yakichemka. Chumvi hutoka maji yakikauka, kama kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo.

Hatua ya 3. Chuja kwa kitambaa, funika bakuli kwa karatasi yenye matundu, weka kabatini. Baada ya siku chache utaona vijisanduku chini. Chagua kimoja chenye kingo safi, ondoa vingine, kigeuze kila siku. Vumilia wiki tatu. Ukianika juani utapata ukoko mweupe tu.

Hatua ya 4. Vaa miwani. Weka wembe sambamba na ubavu wa fuwele, gonga kwa kijiko. Itapasuka bapa, na kila kipande kitakuwa na pembe mraba vilevile.

Hapa ndipo pa kutulia. Sodiamu imetoa elektroni, klorini imeipokea. Moja ni chanya, nyingine hasi. Lakini kila ayoni, yaani chembe yenye chaji kama hizo, huvutwa na majirani sita: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini. Hakuna mwenye mwenzi wake peke yake. Ukigonga, safu husogea kidogo, chanya ikakutana na chanya, hasi na hasi, zikasukumana. Fuwele inaachia papo hapo.

Hatua ya 5. Mpangilio huu aliuonyesha mwanafizikia William Lawrence Bragg mwaka 1913 kwa eksirei. Kisanduku kinachojirudia kina upande wa sentimita 5.64 × 10⁻⁸, na ndani yake sodiamu 4 na klorini 4. Gramu 58.44 za chumvi zina sodiamu 6.022 × 10²³ na klorini idadi hiyohiyo. Piga hesabu ya uzito wa kila sentimita ya ujazo:

4 × 58.44 ÷ (6.022 × 10²³ × (5.64 × 10⁻⁸)³) = gramu 2.16 kwa sentimita ya ujazo.

Sasa pima gramu 20 za fuwele, zitumbukize kwenye silinda yenye mafuta ya kula, maana humo haziyeyuki. Tikisa viputo vitoke. Mafuta yatapanda mililita 9 na kidogo: gawanya 20 kwa hizo, utarudi karibu na 2.16 ileile.