Unataka kuwa bosi wa michezo chuoni? Filimbi weka kando kwanza

Kila baada ya wiki chache kuna kocha ananitumia meseji, mara nyingi kijana mzuri tu, timu yake inacheza mpira unaoonekana, anauliza broo nifanye nini na mimi siku moja niwe direkta wa michezo pale chuoni. Namrudishia swali moja: jezi za mwaka jana ziko wapi, na nani alisaini kuzichukua? Hapo simu inanyamaza. Simdharau, hata mimi ningeulizwa wakati ule ningenyamaza vilevile, nilikuwa kocha wa muda wa netiboli kwenye chuo kimoja cha binafsi nje kidogo ya Kampala, nalipwa kwa kipindi, nadhani kazi yote ni kupuliza filimbi na kupiga kelele pembeni ya kiwanja. Baadaye nikawa msaidizi, baadaye nikashika idara yenyewe, ndio nikajua kumbe huko juu kinachokupandisha au kukuangusha ni karatasi.

Tuanze na jina, maana kuna watu wanakosa kazi kwa kutafuta jina ambalo halipo. Kwenye matangazo ya vyuo vya hapa Uganda usikae ukingoja mkurugenzi wa michezo, cheo kinachojulikana ni spoti tyuta, na idara mara nyingi inakaa chini ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi, yule tunayemwita din. Unapanda hivi: kocha wa muda, spoti tyuta msaidizi, spoti tyuta, halafu mkuu wa idara, na vyuo vidogo hao wote ni mtu mmoja na pikipiki yake. Usijilinganishe na Marekani, kule direkta wa chuo kikubwa anaendesha kampuni kabisa, tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Wewe utakuwa unaomba mipira sita.

Masomo nayapitia haraka. Digrii ya elimu ya viungo au sayansi ya michezo inasaidia, Kyambogo wanafundisha mambo hayo miaka mingi, lakini nimeona watu wa biashara na wa ualimu wa kawaida wamefika. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la mpira la Afrika, kupitia FUFA, lile la Uganda, ni nzuri kwa kukufungulia mlango, ila zikishafungua zimemaliza kazi yake. Kinachopuuzwa ni kozi za uongozi wa michezo, Kamati ya Olimpiki ya Uganda huwa inaziendesha kwa msaada wa Olympic Solidarity, mfuko wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, tafuta nafasi hata kama lazima uombe ruhusa kwa bosi mara tatu. Na kama unalenga chuo cha serikali anza masters mapema, usingoje tangazo litoke ndio ukimbie kujiandikisha.

Sasa karatasi yenyewe. Ya kwanza ni ya wachezaji, nani anaruhusiwa kucheza. Hii nilijifunza kwa aibu. Tulikuwa kwenye mashindano ya vyuo, usiku wa mkutano wa ufundi, darasa lina taa moja inayowaka ikijisikia, kila meneja ameweka faili lake mezani na wengine wanayafunua kama watu wanaotafuta mawe kwenye mchele. Meneja wa upande wa pili akachomoa kitambulisho cha mfungaji wetu, akakigeuza, akauliza kwa upole kabisa, huyu dada amesajiliwa semista hii? Nikasema ndio, kwa sauti ya mtu asiyejua. Kumbe binti alikuwa amechukua dedi yia, yaani ameahirisha masomo mwaka mzima, ada ilimshinda, akawa anarudi tu jioni kufanya mazoezi na wenzake na mimi sikuwahi kuuliza. Tukanyang'anywa pointi za mechi mbili. Yeye alilia na kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kuwa na daftari au shiiti ya Excel, jina, namba ya mwanafunzi, tarehe ya kuzaliwa, amesajiliwa semista hii au la, halafu wiki mbili kabla ya safari yoyote ibebe mwenyewe hadi ofisi ya msajili wakague jina kwa jina na kupiga muhuri. Mwenyewe, usimtume kapteni. Na soma sheria za kila mashindano maana hazifanani, kwa mfano Michezo ya Dunia ya Vyuo inayosimamiwa na FISU, shirikisho la dunia la michezo ya vyuo, inataka mchezaji awe na miaka 18 hadi 25 na awe bado anasoma au amemaliza si zaidi ya mwaka mmoja nyuma, yule kaka yenu wa miaka 29 anayesoma jioni anaweza kuwa staa wa ligi ya kampasi lakini huko haendi.

Ya pili ni pesa, na hapa ndipo makocha wengi wazuri wanazama. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, wanafunzi wanarudi Agosti au Septemba, wewe ukingoja warudi ndio uandike unahitaji nini umeshachelewa, hesabu za mwaka huo zilifungwa kitambo. Vyuo vya serikali maombi ya mwaka ujao yanaanza kuzungushwa mapema, wakati watu bado wanafikiria Krismasi, na kila ununuzi unapita sheria ya PPDA, ile ya manunuzi ya serikali, kwa hiyo usimwambie mshonaji wako wa Kiyembe aanze kushona jezi halafu utafute karatasi baadaye. Chuo cha binafsi unaweza kupata haraka zaidi, au usipate kabisa, inategemea bursa, yule mshika pesa wa chuo, ameamkaje.

Ukipewa pesa ya safari, akauntabiliti, yaani kueleza kila shilingi ilikokwenda, inaanza kabla basi halijatoka getini. Risiti ya mafuta idai palepale petroli stesheni, na iwe na namba ya gari. Posho ya safari (sio ile ya kula na maharagwe, yaani ugali) kila mchezaji asaini mwenyewe. Siku moja tulikuwa tumechelewa, mvua inakuja, nikawaambia manahodha wawasainie wenzao chini ya mfenesi pale nje ya stoo twende zetu. Miezi minne baadaye mkaguzi wa ndani ameniita, ameweka ile karatasi mbele yangu, majina kumi na nne, saini kumi na nne, na herufi "g" zote zina mkia uleule. Hakusema nimeiba. Alinyoosha kidole kwenye mikia tu, moja baada ya nyingine. Ilibidi niwatafute wale wanafunzi mmoja mmoja, wengine walishamaliza chuo wako Mbarara na Arua, wathibitishe walipokea elfu ishirini zao. Simu na boda vilikula hela kuliko posho yenyewe.

Halafu kuna siasa, na siasa ya chuo ni ya gildi, serikali ya wanafunzi. Waziri wa michezo wa gildi anabadilika kila mwaka, anakuja na moto, amewaahidi watu jezi mpya na basi lenye eyakondisheni, na yeye ndiye anayekaa na sauti ya wanafunzi ambao ada yao ina kipengele cha michezo. Usigombane naye. Wiki yake ya kwanza mwite ofisini, mpe soda, mfungulie bajeti mezani, mwonyeshe shilingi kwa shilingi. Mara nyingi anatoka amepoa, na mkutano ujao ni yeye atakayekutetea mbele ya din wakati wewe huruhusiwi kuongea. Nimeona tyuta wa maana kabisa anaondolewa kwa mgomo ulioanzia kwenye chai isiyo na mandazi, kisa waziri hakuambiwa pesa imekatwa.

Timu za wasichana niongee kidogo. Pesa ikipungua za kwanza kukatwa ni zao, hii iko karibu kila mahali na hakuna anayeona ajabu. Marekani wana sheria ya Title IX tangu 1972 inayombana direkta kisheria, hapa kwetu hakuna atakayekubana hivyo, ni wewe na roho yako. Njia niliyoitumia mimi ni ujanja wa karatasi tena: bajeti usiiandike "mpira wa miguu wanaume, mpira wa miguu wanawake" kwa mistari miwili, andika mstari mmoja wa mpira wa miguu, idadi ya wachezaji jumla. Anayetaka kukata akate yote aone kelele.

Skolashipu nazo zina mtego. Ukileta mchezaji kwa bursari ya michezo jua umemleta na riteki zake, mitihani ya kurudia. Kila mwisho wa semista omba matokeo ya wachezaji wote wa bursari, kaa na wanaoanguka, ongea na wahadhiri wao kabla ya mtihani sio baada. Mimi kwa maoni yangu tyuta ambaye kabati limejaa vikombe na wachezaji wake hawavai joho amewatumia tu watoto wa watu, na wazazi wao huko kijijini wanajua.

Ukishajua mambo ya ndani, toka nje uonekane. Jitolee AUUS, chama cha michezo ya vyuo vya Uganda, hata kama ni kuandika matokeo au kupanga malazi. Ligi ya mpira ya vyuo iko tangu 2012 na kila siku ya mechi inahitaji watu wanaojua kupanga mambo. Tuna bahati moja ambayo nchi nyingi hazina, FASU, shirikisho la vyuo la Afrika, makao yake yako hapahapa Kampala, na Makerere ilipokea mashindano ya dunia ya netiboli ya vyuo 2018. Ukipata hata kazi ya kubeba mafaili kwenye mashindano kama hayo, ibebe, utakaa meza moja na watu ambao kwa imeli hawangekujibu.

Na Kiswahili chako kifanyie mazoezi, sisemi hivi kwa sababu baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi 2022. Kwenye michezo ya Afrika Mashariki mkutano rasmi unaenda kwa Kiingereza, lakini ugomvi wa ratiba na Watanzania na Wakenya unamalizikia nje kwenye chai, kwa Kiswahili, na Mganda anayekaa pembeni anacheka bila kuelewa kesho yake anajikuta amepangiwa mechi ya saa nne ilhali timu imefika usiku wa manane.

Interviu usiende na hadithi za fainali. Nenda na faili moja jembamba: bajeti uliyowahi kuandika hata kama ni ya timu moja, orodha ya wachezaji yenye muhuri, ripoti ya safari yenye risiti. Swali litakuwa la namna hii, una milioni 20 na timu kumi na nne, unaanzaje? Anayejibu papo hapo kwa namba wanamshangaa tu. Wewe uliza kwanza vitu vitatu, mashindano gani mwaka huu ni ya lazima, nini kipo stoo, na deni la mwaka jana ni kiasi gani. Deni huwa lipo.

Ukipata kazi, siku ya kwanza watakupeleka kuona ofisi na kiti. Omba ufunguo wa stoo. Ingia na mlinzi wa stoo pamoja na mwanafunzi mmoja, hesabuni kila kitu, mpira uliopasuka uandikwe umepasuka, neti moja ya voliboli iliyoliwa na panya iandikwe hivyo hivyo, wote watatu msaini, nakala moja kwa din siku hiyohiyo kabla ya saa kumi na moja. Kesho yake mtu atakuja kuuliza zile jezi za mwaka jana ziko wapi.