Kabla hujagusa swali la wastani kwenye GMAT

GMAT ni mtihani wa kuombea nafasi shule za biashara. Maswali ninayoyasema hapa (Data Sufficiency) hukupa swali na taarifa mbili, nawe unasema kama taarifa hizo zinatosha kulijibu. Majibu matano yakae kichwani kabla ya siku yenyewe. A: taarifa ya kwanza peke yake inatosha. B: ya pili peke yake. C: mpaka ziungane. D: kila moja peke yake inatosha. E: hata zikiungana hazitoshi. Mpangilio huu haubadiliki, usiusome upya pale.

Ukihamia taarifa ya pili, ya kwanza isahau kabisa.

Swali likiuliza kama wastani unazidi 50, "hapana" ya uhakika nayo inatosha.

Sasa wastani wenyewe. Tumekaririshwa tangu shule ya msingi: jumla gawanya kwa idadi. Ni kweli, na hapo hapo ndipo watu wanaponasa. Kwenye kikundi chetu cha Sinza kuna jamaa mhasibu, hesabu anazimudu kuliko sisi wote. Tukampa hili: mama lishe anauza sahani ya wali shilingi 2,000, ya ugali 1,500. Wastani wa bei ya sahani alizouza leo ni shilingi ngapi? Taarifa ya kwanza: kila sahani tatu za wali, aliuza mbili za ugali. Ya pili: aliuza sahani 40 za ugali.

Akajibu chapchap: C. "Bila idadi ya sahani utapataje wastani, ndugu yangu?" Ubishi ukawaka mpaka chai ikapoa. Haya, piga: wali tatu 6,000, ugali mbili 3,000, jumla 9,000 kwa sahani tano, yaani 1,800. Awe ameuza tano au mia tano, ni 1,800. Jibu A, zile sahani 40 ni chambo tu.

Wiki hiyo hiyo akanasa tena. Gari linaenda Bagamoyo kwa kilomita 60 kwa saa, linarudi njia ile ile kwa 30. Wastani wa mwendo wa safari nzima ni ngapi? Akadai umbali! Wa nini? Kurudi kunakula muda mara mbili ya kwenda, hivyo wastani ni 40 (wala si 45), hata safari iwe ndefu vipi. Ukishapewa uwiano, usidai idadi. Usipopewa uwiano wala idadi, unachojua ni kwamba wastani uko kati ya bei mbili, basi.

Kikokotoo kipo kwenye skrini, kwa kuwa maswali haya siku hizi yako sehemu ya Data Insights: maswali 20, dakika 45. Usikikimbilie; unaulizwa kama jibu linapatikana, si ni ngapi. Lala mapema. Jina la usajili lifanane na la pasipoti. Na kama unatokea Kimara na mvua imenyesha usiku, toka alfajiri, Jangwani pakijaa maji utakwama.