Kuuza runinga kubwa iliyotumika bila kupunjwa
Ukitaka kuuza runinga ya inchi 55 au zaidi hapa Mwanza, anza kwa kuulizia bei ya runinga mpya ya ukubwa huohuo katika maduka ya mjini, kwa sababu mnunuzi naye atakuwa ameshaiulizia, na bei yoyote inayokaribia ile ya dukani itamfanya achague mpya yenye waranti. Kiasi ulicholipa wewe miaka iliyopita hakimhusu.

Kinachopandisha bei ni uthibitisho. Mnunuzi anapofika, iwashe na umwonyeshe picha ya rangi moja, nyeupe kisha nyeusi, ili aone kwamba kioo hakina mistari wala madoa. Mwonyeshe pia rimoti, miguu na skrubu zake, maana runinga isiyo na miguu hupunguziwa bei papo hapo, na ni haki. Kasoro iliyopo itajwe kwenye tangazo lenyewe. Risiti humwondolea hofu ya kununua mali ya wizi. Ikiwa imepotea, andikianeni hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Ondoa kwenye runinga akaunti zako zote za mtandaoni kabla ya kuikabidhi. Mnunuzi wa Ukerewe au Sengerema aelezwe mapema kwamba runinga husafirishwa ikiwa imesimama, hailazwi, na mkubaliane ni nani atakayebeba nauli na hasara ya njiani. Fedha zikitumwa kwa simu, angalia salio lako mwenyewe, wala usiridhike na ujumbe anaokuonyesha.