Somo: Misuli ya sakafu ya nyonga ya mwanamke, jinsi ilivyo na namna ya kuizoeza

Swali ni lile lile kila wiki: mwanamke amejifungua, akicheka au akikohoa mkojo unamponyoka, na wenzake wanamwambia kwamba uzazi ndivyo ulivyo, avumilie. Mimi ni mkunga, na sikubaliani na ushauri huo, kwa maana mara nyingi ni misuli ya sakafu ya nyonga iliyolegea, nayo huzoezeka. Naandika somo hili kwa ukamilifu ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Hatua ya 1: Ijue misuli yenyewe. Sehemu yake kubwa huitwa levata ani, nayo imegawanyika katika puborektalisi, pubokoksijio na iliokoksijio. Imetandwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, ikishikiliwa na kuta za nyonga pande zote mbili, mfano wa kamba za kitanda zilizosukwa kwenye fremu yake. Juu yake hukaa kibofu, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Katikati yake hupita njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa.

Hatua ya 2: Elewa kazi zake. Hubeba viungo hivyo, hufunga njia hizo tunapokohoa au kuinua mzigo, na hulegea tunapojisaidia, tunapojamiiana na tunapojifungua. Mtoto anapopita, misuli hii hunyooka kupita kiasi cha kawaida, na wakati mwingine huchanika pale iliposhikana na mfupa wa kinena. Ndiyo maana wengine huhisi uzito ukeni miezi mingi baada ya uzazi.

Hatua ya 3: Nenda haja ndogo kwanza, kisha lala chali, kunja magoti, pumua kawaida.

Hatua ya 4: Itafute misuli sahihi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mtu anaweza kufanya zoezi kwa miezi bila faida kwa sababu anakaza mahali pasipohusika. Jifanye unazuia ushuzi usitoke, kisha endeleza mkazo huo mbele kana kwamba unabana mkojo. Utahisi kitu kinapanda ndani kuelekea kitovuni. Osha mikono, kisha weka ncha ya kidole kwenye msamba, yaani kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ukikaza sawasawa, msamba hujivuta ndani na kukiacha kidole. Ukiona unakisukuma kidole nje, basi unajikamua kama mtu mwenye choo kigumu, na kujikamua huko kunaongeza shinikizo juu ya misuli iliyokwisha kulegea. Acha mara moja, pumzika, anza upya. Usizuie pumzi, usikaze makalio wala mapaja. Tena, usifanye zoezi la kukata mkojo katikati kila unapokwenda chooni, kwa kuwa hilo huvuruga kibofu na huweza kuacha mkojo ndani. Ukishindwa kuihisi kabisa, muone mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) au mkunga akupime, kwa maana wanawake wengi huhitaji kuelekezwa kwa mkono.

Hatua ya 5: Zoeza. Kaza na ushikilie kadiri unavyoweza, ukielekea sekunde 10, kisha legeza kabisa kwa muda ule ule. Rudia angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Ongeza mikazo michache ya haraka, kwa sababu misuli hii ina nyuzi za kuvumilia na nyuzi za kushtuka upesi. Mazoezi haya si mapya: daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza katika makala yake ya mwaka 1948.

Maswali ya wanachama

*Mgeni:* Nifanye mara ngapi kwa siku?
— Hatua ya 5. Tafadhali soma somo lote kabla ya kuuliza.

*Mama wa mapacha:* Shoga yangu anaweka shabu (lile jiwe la alumu) ukeni, anasema inabana haraka. Kuna haja gani ya kuhangaika miezi mitatu?
— Shabu haifiki kwenye misuli. Hukausha na kuchubua utando wa uke, na mchubuko hurahisisha maambukizi. Sitashauri jambo hilo hata niulizwe mara ngapi.

*Mwanafunzi wa uuguzi:* Shikamoo mwalimu. Je, kuna mtu asiyefaa kufanya mazoezi haya?
— Marahaba mwanangu, umeuliza jambo la maana. Anayeumia wakati wa tendo la ndoa, au asiyeweza kumaliza mkojo, huenda misuli yake imekaza mno. Huyo hujifunza kwanza kulegeza, na mazoezi ya kukaza huweza kumzidishia maumivu. Aidha, mkojo unaovuja mfululizo usiku na mchana baada ya uchungu uliochukua muda mrefu huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, ambayo mara nyingi huhitaji upasuaji. Mwelekeze hospitali bila kuchelewa. Kwa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT hutibu tatizo hilo.

*Mama Kinyozi:* Dada, mimi hunitoka nikipiga chafya tu. Nikikaza mapema itasaidia?
— Ndiyo, dada yangu. Kaza kabla tu ya chafya na ushikilie hadi imalizike. Fanya vivyo hivyo kabla ya kujitwisha ndoo.

*Mwanafunzi wa uuguzi:* Na choo kigumu kinahusianaje na misuli hii?
— Puborektalisi huzunguka nyuma ya njia ya haja kubwa na kuivuta mbele, hivyo njia hujikunja na choo hakitoki ovyo. Unapochuchumaa, mkunjo huo hunyooka. Anayetumia choo cha kukaa aweke kigoda kidogo chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele kidogo, aachie tumbo, asijikamue.