Jinsi ya Kuchagua Plastiki ya Kufungashia Viungo, Chipsi na Vinywaji Visiwani

Anayefungasha viungo, chipsi za ndizi au juisi ya ukwaju Unguja na Pemba anafanya kazi katika hewa ambayo wakati wa masika unyevu wake mara nyingi hupita asilimia 80, kwa hiyo kifungashio kilichomfaa mwenzake wa Dodoma si lazima kimfae yeye. Kabla ya kuulizia bei ya mifuko, andika kwanza ni kitu gani hasa kinachoiharibu bidhaa yako: unyevu unaoingia, oksijeni inayoingia, harufu inayotoka, mwanga, au gesi inayotoroka. Hakuna plastiki moja inayozuia vyote hivyo kwa bei nafuu, na iliyo hodari mbele ya adui mmoja mara nyingi huwa dhaifu mbele ya mwingine.

Polithini, ambayo ndiyo mifuko laini tuliyoizoea, huzuia mvuke wa maji vizuri lakini oksijeni hupenya ndani yake kwa urahisi. Polipropilini, yaani ule mfuko mwangavu unaolia ukiukunja, huzuia unyevu vizuri pia, na kwenye oksijeni haina msaada mkubwa. Nailoni ni kinyume chake: huzuia oksijeni na haitoboki ovyo, jambo linalomfaa anayefungasha samaki wakavu wenye miiba, ila mvuke wa maji huipita. Inayoshinda zote hizo kwa oksijeni ni EVOH, aina nyingine ya plastiki, ambayo ikiwa kavu hupitisha oksijeni mara maelfu chini ya polithini. Kasoro yake ni kwamba inaponyonya unyevu nguvu hiyo hupungua sana, na ndiyo maana viwanda huilaza katikati ya tabaka mbili za polithini au polipropilini. Muuzaji akikuambia kwamba mfuko wake una EVOH, muulize iko tabaka la ngapi. Asiyeweza kujibu swali hilo huenda haijui bidhaa anayoiuza.

Mifuko inayong'aa kama fedha huwachanganya wengi, kwa sababu iko ya namna mbili. Mmoja una karatasi halisi ya alumini ndani yake, na huo ndio kizuizi kikubwa kuliko vyote, ilimradi usikunjwekunjwe hadi alumini ikapasuka vitundu vidogo. Mwingine ni plastiki iliyopakwa alumini nyembamba mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya maikroni (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ushike mbele ya taa kali: ukiona mwanga wa taa umepenya kidogo, ni huo wa kupakwa. Si mbaya, na kwa chipsi unatosha kabisa, lakini usiulipie bei ya ule wa kwanza.

Sasa tulinganishe na bidhaa zetu. Karafuu nzima iliyokaushwa sawasawa huhifadhi mafuta yake ndani ya tumba, kwa hiyo mfuko mnene wa polipropilini uliozibwa vizuri huitosha kwa mauzo ya kawaida, na kuivika alumini ni gharama ambayo mimi nisingeilipa. Ikishasagwa mambo hubadilika, kwa kuwa harufu huanza kutoka mara moja na polithini peke yake haiizuii. Weka unga wa karafuu, mdalasini au hiliki karibu na bizari katika stoo moja, na baada ya muda kila kimoja kitanukia mwenzake. Hapo ndipo tabaka la PET (plastiki ya chupa za maji), EVOH au alumini linapostahili bei yake. Epuka kabisa vikopo vya polistirini, vyenye namba 6 ndani ya pembetatu, kwa mafuta ya karafuu au ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kwa sababu eujenoli, kemikali kuu iliyomo, huweza kuiyeyusha plastiki hiyo.

Chipsi na dagaa wakavu wana maadui wawili kwa pamoja, unyevu unaowalainisha na oksijeni inayoyaharibu mafuta yao, hivyo wanahitaji mfuko wa tabaka zaidi ya moja usiopitisha mwanga. Kwa juisi, chupa ya kawaida ya PET inafaa ikijazwa baridi. Ukiijaza juisi yenye nyuzi 85 itajikunja, maana plastiki hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi 70 hivi. Chupa za kujazwa moto hutengenezwa maalumu, nazo ziombwe hivyo.

Mfuko mzuri huharibiwa na mzibo mbaya, na kwa viungo chanzo kikubwa ni unga unaobaki mdomoni mwa mfuko. Jaza kwa faneli yenye shingo ndefu, futa mdomo kwa kitambaa kikavu, kisha ziba upana wa milimita 10. Zamisha mfuko mmoja katika kila kundi ndani ya maji na uubonyeze. Mapovu yakitoka, rekebisha joto la mashine kabla ya kuendelea.

Kuhusu unyevu, pima mwenyewe badala ya kutegemea maneno ya muuzaji. Tia ndani ya mfuko punje za silika, zile zinazonyonya unyevu, zilizokaushwa kwenye oveni, ziba, pima kwa mizani inayosoma sehemu za mia za gramu, kisha upime tena kila wiki. Tuseme chipsi zako za gramu 100 zina unyevu wa asilimia 4 na hulainika zikifika 6: zinaweza kupokea maji ya gramu 2 hivi. Mfuko unaoongezeka gramu 0.1 kwa wiki utakupa takriban wiki 20, na huenda zaidi, kwa kuwa silika huvuta maji kwa nguvu kuliko chipsi. Jaribio hili lifanyike masika, kwani matokeo ya kaskazi yatakupa tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo mvua haitaiheshimu.