Jedwali la bahari lisilo na jina: anza na namba zenyewe
Ukirushiwa jedwali la bahari ya Unguja lisilo na kichwa wala chanzo, tafadhali usilitie kwenye ripoti bado. Tazama namba. Safu ya kwanza ikiwa na miaka yenye desimali, mfano 1990.0417 (yaani katikati ya Januari), ya pili ikizungukia 7000, na palipokosekana kipimo pameandikwa -99999, karibu hakika ni wastani wa usawa wa bahari kwa mwezi, kwa milimita, kutoka PSMSL, hifadhi ya kimataifa ya vipimo vya usawa wa bahari iliyoko Liverpool, Uingereza. Hiyo 7000 si kina cha maji bandarini Malindi. Sifuri ya kupimia imewekwa chini sana makusudi ili namba zisiwe hasi. Fungua faili la kituo cha Zanzibar, linganisha mistari kadhaa mfululizo. Mmoja hautoshi. Ikilingana, andika chanzo na tarehe uliyopakua.